Sumaku inakataa kijiko: matatizo ya majaribio ya sumaku na watoto wadogo

Majaribio ya sumaku yamesifiwa kuwa rahisi: lete sumaku, lete misumari, watoto washangae. Halafu unakaa mkekani na watoto wa miaka minne, sumaku inakataa kijiko, mmoja analia kwa kuwa hajapata zamu, mwingine ameshaibandika kwenye simu yako. Nimepanga mambo haya kwa malalamiko, vile yanavyosemwa na walimu wa chekechea na wazazi hapa Kampala na kule Bombo, ili kila mtu aende moja kwa moja kwenye lake.

Mara nyingi sumaku yenyewe haina kosa. Shida inaanzia kwenye sentensi ya kwanza ya mtu mzima, "sumaku inavuta metali", kisha anamwaga mbele ya watoto kila kinachong'aa bila kukijaribu kwanza jikoni. Afadhali uanze na "haya, tuone inavuta nini". Hapo kijiko kikigoma hakuna aliyeaibika.

"Mtoto amemeza sumaku"

Hili halingoji, ndiyo maana liko juu. Sumaku moja ndogo ikimezwa inaweza kupita yenyewe. Mbili, au sumaku na kipande cha chuma, zinaweza kuvutana zikiwa kwenye mikunjo tofauti ya utumbo, zikabana kuta zake mpaka zikatoboka. Mwanzoni mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa, anakula na kucheza. Usimtapishe, usimlishe ndizi eti isukumwe, usikae kungoja choo. Mpeleke hospitali yenye eksirei na useme wazi kwamba ni sumaku. Ukiwa na nyingine inayofanana nayo, ibebe. Hata kama hukumwona akimeza, ila sumaku zimepungua na hazionekani popote, nenda.

Zinazoleta balaa hili hasa ni zile ndogo za neodimiamu, zinazong'aa kama fedha: zimo kwenye spika za masikioni, kwenye vifungo vya mikoba, na kwenye vichezeo vya vigololi vinavyoshikana. Watoto wadogo wasizishike kabisa. Kipimo rahisi cha ukubwa ni kile kibomba cha boksi kilicho katikati ya karatasi ya chooni: sumaku ikipita humo, ni ndogo mno kwa mtoto anayetia vitu mdomoni. Zihesabu unapozitoa, zihesabu tena unapozirudisha, na usianze kukunja mkeka kabla hesabu haijatimia.

"Sumaku yetu haina nguvu"

Uliza kwanza ilitoka wapi. Kama ni ile bapa, laini, ya kubandika kwenye friji, yenye picha ya matunda au tangazo la kampuni, haijaharibika; ndivyo ilivyoumbwa. Ni mpira uliochanganywa na unga wa sumaku, na ncha zake zimepangwa kwa mistari myembamba inayopishana, kaskazini, kusini, kaskazini, kusini. Nguvu yake inaishia karibu sana na uso. Weka karatasi chache katikati, imekwisha. Ukiwa nazo mbili, zigeuze zigusane kwa upande wa nyuma, uziburute taratibu. Utasikia zikirukaruka kutoka mstari hadi mstari. Watoto hucheka sana. Lakini kwa majaribio mengine hazifai.

Ya kufundishia itafute kwa fundi redio. Spika iliyokufa ina pete nzito ya feraiti, nyeusi-kijivu, na kubwa kiasi kwamba hakuna mtoto atakayeimeza. Katwe, mtaa wa hapa Kampala, zimejaa, na hata kwenye miji midogo hukosi kibanda chenye spika mbovu chini ya meza. Mwambie fundi aitoe yeye mwenyewe, kwa sababu imegandishwa kwa gundi kati ya sahani mbili za chuma na ukiing'oa kwa bisibisi inapasuka. Pete ikiwa bado ndani ya sahani zake huonekana dhaifu kwa nje, maana chuma kile kimewekwa makusudi ili nguvu yote ielekee kwenye mwanya mwembamba inamokaa koili, yaani waya uliozungushwa. Ikitoka humo utadhani ni sumaku nyingine.

Kama sumaku ilikuwa na nguvu ikaisha, fikiria joto. Neodimiamu za kawaida huanza kupoteza nguvu kwenye nyuzi kama 80 za Selsiasi, yaani kabla maji hayajachemka. Najua kuna walimu wanaozichemsha kuua vijidudu. Maji ya uvuguvugu na sabuni yanatosha, kisha zifute zikauke. Zile za zamani za umbo la U, zinazolala kwenye kabati za shule, huchoka kwa kuangushwa na kwa kuwekwa bila kile kipande cha chuma cha kuunganisha ncha zake. Hizo usihangaike nazo.

Na kuna udhaifu ambao si udhaifu. Sumaku ikiwa upande wa pili inasogeza kibanio cha karatasi kikiwa juu ya daftari, juu ya kitambaa, hata ndani ya glasi ya maji, lakini ukikiweka juu ya sinia hakisogei. Sinia yako ni ya chuma kilichopakwa rangi, na chuma kinaipokea nguvu ya sumaku na kuizungusha ndani yake, kidogo sana ndiyo inatokea upande wa pili. Badilisha uweke sinia ya aluminiamu, kibanio kitacheza kama kawaida. Hili fanya mbele ya watoto, sinia mbili sambamba, uwaache wabishane.

"Kijiko hiki kinanasa, kile hakinasi, na vyote ni vya stenlesi"

Hapa ndipo watu wazima wengi hukwama, na kwangu mimi ndilo jaribio bora kuliko yote.

Metali zinazovutwa waziwazi na sumaku ya kawaida ni chache: chuma, nikeli na kobalti, pamoja na michanganyiko mingi yenye hizo. Basi. Shaba haivutwi, aluminiamu haivutwi, dhahabu na fedha hazivutwi. Stenlesi nayo ina aina mbili kuu majumbani. Ile iliyotiwa nikeli ya kutosha, ambayo mara nyingine huandikwa 18/8 au 18/10 mgongoni, ina chuma kingi ndani yake, lakini atomi zake zimepangika kwa namna ambayo sumaku haina pa kushika. Ile isiyo na nikeli, ambayo mara nyingi huuzwa bei nafuu, inavutwa vizuri tu. Kuna pia kijiko cha kati kinachovutwa kidogo kwenye shingo, pale kilipokunjwa au kugongwa kiwandani, kwa kuwa kukunja kunabadilisha mpangilio ule.

Hutamweleza mtoto wa miaka mitano habari za atomi. Mwambie kuna vijiko vya namna mbili, macho hayawezi kuvitofautisha, sumaku inaweza. Kisha mpe droo nzima.

Kabla ya darasa jaribu mwenyewe vitu hivi, uwe na uhakika wa chako: vifuniko vya soda za chupa (vinanasa), kopo la maziwa ya unga (linanasa, ni chuma kilichopakwa bati), mkebe wa soda wa aluminiamu (haunasi), sufuria za aluminiamu zinazofuliwa na mafundi wetu (hazinasi), kipande cha mabati (kinanasa, zinki ni ngozi tu ya juu), funguo (nyingi ni za shaba ya njano, hazinasi hata kama zimepakwa rangi ya fedha, ila pete ya kuzifungia inanasa). Huo ufunguo na pete yake ni mtego mzuri. Mtoto anainua funguo zote kwa sumaku na kutangaza kwamba ufunguo unavutwa. Usimsahihishe. Chomoa ufunguo, umpe peke yake, unyamaze.

"Sarafu zinatuchanganya"

Zichukue hizo hizo za matumizi. Sarafu ya shilingi 500, ya njano yenye korongo taji, haivutwi. Ni mchanganyiko wenye shaba nyingi. Ya shilingi 100, yenye ng'ombe wa pembe ndefu, ni kigeugeu: za zamani, kuanzia mwaka 1998, zilitengenezwa kwa shaba na nikeli na hazinasi, za baadaye ni chuma kilichopakwa nikeli, zinanasa. Za 200 zenye samaki ni hadithi ile ile. Ukimwaga sarafu za 100 mezani, watoto watazigawa mafungu mawili kwa sumaku, kisha mwulize anayeanza kusoma tarakimu: mwaka umeandikwaje kwenye fungu hili, na kwenye lile?

"Mwalimu, hizi ni bandia?" mtoto mmoja aliwahi kuuliza, akishika fungu lililogoma. Si bandia. Zote zinanunua mandazi. Na hapo mwenzake akataka kujua kama mwenye duka naye ana sumaku.

Angalizo: sarafu nazo zinamezeka. Jaribio hili ni la waliovuka umri wa kutia vitu mdomoni.

"Tumewaambia udongo mwekundu una chuma, sumaku haiushiki"

Uliyowaambia ni kweli. Udongo wa maramu una rangi ile kwa sababu ya chuma kilichoungana na oksijeni, kama kutu. Lakini chuma kikishakuwa kutu nyekundu, mvuto wake kwa sumaku unakuwa hafifu mno, hauwezi kuinua hata chembe. Chukua msumari uliooza kwa kutu ukwangue: unga mwekundu hauji kwa urahisi, msumari wenyewe unakuja.

Uganda ina mawe ya pande zote mbili. Madini ya chuma ya Muko, kusini-magharibi, ni hematiti, yenye chuma kingi sana lakini mvuto mdogo. Vilima vya Sukulu karibu na Tororo vina magnetiti, ambayo ni oksidi ya chuma pia, ila inarukia sumaku. Mtu mwenye ndugu Tororo amwombe kijiwe cheusi kizito.

Wasio na ndugu Tororo wasubiri mvua. Ikikatika, angalia kando ya mfereji pale maji yalipopunguza mwendo: juu ya mchanga kuna michirizi myeusi. Kausha mchanga huo, funga sumaku ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki), ipitishe juu yake. Sehemu nyingi utapata chembe nyeusi zimesimama kama ndevu. Usipopata, jaribu mfereji mwingine, au mchanga wa ujenzi.

"Unga wa chuma umeganda kwenye sumaku na hautoki"

Hautatoka vizuri, utapoteza jioni nzima ukiufuta. Unga wowote usiguse sumaku uchi, na kaveera nililotaja ni kwa ajili hiyo: ukitaka kuuachia, vuta sumaku itoke kwenye kaveera, unga unaanguka wenyewe. Kwa ule ulioganda tayari, tumia utepe wa gundi, uubandike na kuubandua mara kwa mara.

Unga wa kwenye gereji za kuchomelea una ncha kali na huingia machoni, kwa hiyo siupeleki kwa watoto ukiwa wazi. Tia kijiko kimoja kwenye chupa safi ya maji ya kunywa, ikiwa kavu kabisa ndani, funga kizibo na ukizungushie utepe. Sumaku itembee nje ya chupa. Kama unga umeshika ukuta wa chupa na hauchezi, kuna unyevu ndani. Baada ya siku chache utaona umeanza kuwa mwekundu. Mwaga, anza upya na chupa iliyokaa juani.

"Sumaku mbili hazisukumani"

Picha za vitabuni zinaonyesha kijiti chenye nusu nyekundu na nusu ya buluu, kwa hiyo watu wakipata pete ya spika wanatafuta ncha kwenye kingo zake. Hazipo huko. Pete ya spika ina kaskazini kwenye uso mmoja bapa na kusini kwenye uso wa pili. Pitisha pete mbili kwenye kalamu iliyosimama. Zikishikana, geuza ya juu, nayo itaelea hewani. Kama bado zinashikana baada ya kugeuza, moja ni dhaifu kuliko nyingine kwa mbali na inavutwa tu, au mojawapo si sumaku, ni sahani ya chuma ya spika. Hilo la mwisho hutokea mara nyingi kuliko unavyodhani.

Lililo gumu kuamini ni pale pete inapovunjika. Mtoto mwenye huruma atataka kuvirudisha vipande pale pale vilipokatikia, na vyenyewe vinakataa, vinasukumana. Kila kipande bado kina kaskazini juu na kusini chini, na kaskazini mbili zikikaa ubavu kwa ubavu hazipatani. Geuza kimoja kichwa chini, vitashikana, ila mchoro wa mpasuko hautalingana. Vizungushie utepe, kingo za feraiti zinakata.

"Sindano yetu haielekei kaskazini"

Jaribio la dira limevunja moyo watu wengi, na lina sababu nyingi za kuharibika.

Ya kwanza ni kusugua. Sindano inasuguliwa kwa upande mmoja tu, toka tundu hadi ncha, unainua, unarudi angani, unaanza tena kwenye tundu. Mara thelathini hivi. Watoto husugua kwenda na kurudi kama wanapiga pasi, na kila wanaporudi wanafuta walichoandika. Ijaribu kabla ya kuiweka majini: isipoinua pini nyepesi, haijawa sumaku.

Ya pili ni chombo. Beseni la chuma lililopakwa rangi ya maua litaivuta sindano ikimbilie ukingoni. Tumia la plastiki. Kisha ondoka kwenye meza yenye miguu ya chuma, ondoka kwenye ukuta wa mabati, na weka simu mbali, maana ina sumaku ndani ya spika yake. Ile sumaku uliyosugulia nayo iko wapi? Kama iko mfukoni mwako, sindano inakufuata wewe.

Kuhusu boya, kipande chembamba cha shina la mgomba kinaelea vizuri, na kinapatikana bure. Kikigusa ukingo kila wakati, beseni ni dogo au upepo ni mwingi.

Ya tatu si hitilafu: sindano imelala kaskazini-kusini sawasawa, lakini ncha inaonyesha kusini. Ulisugua kwa uso mwingine wa sumaku, basi. Hakikisha kwa jua la asubuhi: mtoto anyooshe mkono wa kulia kwenye jua, anakoangalia ni kaskazini. Mkitaka kujua uso upi wa pete ni upi, ifungeni kwa uzi ining'inie wima, mbali na vyuma. Ikitulia, uso unaotazama kaskazini ndio wa kaskazini.

Watoto waliowahi kusimama kwenye mstari wa Ikweta pale Kayabwe, njia ya Masaka, watauliza kama sindano inageuka mtu akivuka. Haigeuki. Mstari ule umetokana na mzunguko wa dunia, na usumaku wa dunia haufuati mstari huo. Una ikweta yake, ambayo katika Afrika Mashariki inapita kaskazini mwa Uganda, huko karibu na Addis Ababa. Kayabwe, upande huu na upande ule wa mstari, dira inasema kitu kimoja. Mwenye safari ya Masaka aende na beseni lake.

"Msumari wa betri unapata moto"

Hili ni la watoto wa miaka saba, minane, na mtu mzima akiwa pembeni. Waya wa shaba uliozungushwa kwenye msumari na kuunganishwa na betri moja ya redio hugeuza msumari kuwa sumaku, na umeme unapita kwa wingi kiasi cha kuchosha betri na kuchoma vidole. Unganisha kwa sekunde chache, achia. Usipofanya kazi kabisa na waya umetoka kwenye koili ya spika au mota, umepakwa vanishi isiyoonekana. Kwangua ncha zote mbili kwa wembe wewe mwenyewe. Umeme wa ukutani na betri ya sola au ya gari visikaribie hapo.

"Rangi za televisheni zimeharibika"

Kama ni ile ya zamani yenye mgongo, sumaku imeacha doa la kijani au zambarau kwenye kioo. Ondoa sumaku, izime, iache kama nusu saa, iwashe. Nyingi zina koili ya kujisafisha inayofanya kazi inapowashwa ikiwa imepoa. Rudia. Doa likibaki, mwite fundi. Televisheni bapa hazina ugonjwa huo. Simu nayo huwa haiharibiki, ila dira yake inaweza kupotea kwa muda. Mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asikae kwenye mkeka huo kabisa.

"Wamechoka baada ya dakika tano"

Yawezekana uliwapa majibu mapema. Au sumaku ni moja na watoto ni wengi, na hapo hakuna mbinu ya ualimu itakayosaidia; rudi kwa fundi redio. Kwa watoto wa miaka mitatu, dakika tano ni muda wa kutosha. Kunja mkeka, hesabu sumaku, kesho tena.

Wakubwa kidogo wape kazi yenye maana. Mafundi wakimaliza kuezeka nyumba jirani, misumari imezagaa uani, na watu wanapita hapo na ndala. Funga pete ya spika kwa kamba ndani ya kaveera, mtoto aliyevaa viatu aiburute uani kote, kisha aseme ameokota mingapi.